Mgeni Aliyetandikiwa Uani

Siku alipoota ndoto hii, Zamda Singano alikuwa ameamka vibaya, na kila alichokigusa tangu alfajiri kilimwendea kombo. Ilikuwa wiki ya pili ya lile joto ambalo redio ilikuwa ikilitangaza kila saa, utadhani kuna mtu alikuwa hajalisikia, na pale Kitunda, pembezoni mwa Dar es Salaam, hata kuku walikuwa wameacha kugombana. Zamda alikuwa na kiwanda kidogo cha kufyatua matofali ya pevingi, yale ya kufunikia nyua: mashine moja, vibarua wanne, lundo la mchanga na mpira wa kuyamwagilia matofali siku saba mpaka yakomae. Alipohamia huko miaka kumi na minane nyuma, Kitunda ilikuwa mikorosho na mashamba ya mihogo. Sasa ilikuwa nyumba mgongo kwa mgongo, na nusu ya nyua za mtaa ule alikuwa amezifunika yeye. Alijivunia kazi hiyo, na alikuwa na haki ya kujivunia. Asubuhi hiyo tu ndiyo hakuwa na hamu nayo.

Mama yake, Bi Mwantumu, mwanamke wa miaka sabini na sita ambaye kulalamika hakukuwa katika tabia yake, alikuwa ameinuka kitandani akayumba, akashika ukuta. Zamda alimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima presha, akamfinya ngozi ya mkono, akasema mwili umeishiwa maji na umechoka kwa joto. Tena akamvuta Zamda pembeni akamwambia kwamba mtu wa umri ule akikosa kupoa jioni na usiku, siku kwa siku, ipo siku moyo utagoma. Wakarudi nyumbani. Na hapo, badala ya kujilaza kama alivyoambiwa, Bi Mwantumu akatoa begi chini ya kitanda, akalileta sebuleni, akaanza kukunja kanga zake moja moja na kuzipanga ndani.

"Jumamosi nakwenda Korogwe, kwa mdogo wangu," alisema.

"Kwa mjomba? Kwa hali hii, mama?"

"Huko nitapumzika."

"Kwani hapa hupumziki? Nani kakuudhi, niambie."

"Hakuna aliyeniudhi, mwanangu. Mji umenichosha tu."

Zamda hakuamini hata neno moja. Alikuwa amemjengea mama yake chumba chenye choo ndani. Alikuwa amemnunulia feni mbili, moja ya juu na moja ya kusimama. Na zaidi ya yote, mwezi wa sita, alikuwa ameung'oa ule mkorosho wa uani uliokuwa ukimwaga majani kutwa, akaufunika ua mzima, ukuta kwa ukuta, kwa matofali mekundu ya daraja la kwanza, ili mgongo wa mama yake usiinamie ufagio tena. Bi Mwantumu alimwombea dua siku ile mbele ya vibarua. Na sasa anafunga begi. Mtu aliyefanyiwa yote hayo akaondoka, Zamda aliona, ana kinyongo, na kinyongo kinachofichwa humkera mtu kuliko matusi. Basi akasema maneno ambayo hakupaswa kuyasema: "Haya, nenda, kama mimi sikutoshi." Bi Mwantumu aliingia chumbani kwake, akarudisha mlango taratibu. Zamda akajitupa kwenye kochi la sebuleni, saa nane mchana, umeme umekatika na feni zote mbili zimesimama, akalia kidogo kwa hasira, na katikati ya hasira hiyo usingizi ukamchukua.

Akajiona yuko njiani. Ilikuwa njia ya udongo, na kushoto na kulia palikuwa na mahindi, mikorosho na nyasi ndefu, na juu ya bega lake la kulia alikuwa amebeba tofali moja la pevingi, jekundu, bichi, ambalo hakukumbuka kulichukua wala kuambiwa alipeleke wapi. Mbele kidogo alimkuta mwanamke mwembamba aliyevaa kipimajoto shingoni, kwa uzi, kama mwalimu wa michezo anavyovaa filimbi, na mkononi ana daftari lililojaa tarakimu. Mwanamke yule alikichomeka kipimo chake kwenye udongo, akasubiri, akakisoma, akaandika. "Thelathini na moja," alisema, kisha ndipo akaitikia salamu. "Naitwa Kiasi. Wengine huniita Bi Kiasi, wakinikumbuka. Kazi yangu ni kupima. Simwambii mtu kwamba kuna joto, hilo kila mtu analijua. Namwambia limetoka wapi na limekwenda wapi. Twende, huo mzigo wako ni wa mjini."

Hawakwenda mbali wakapitwa na bwana mmoja mnene, mweupe wa meno, anayetota jasho, asiye na mzigo wala fimbo, aliyewasalimia kwa adabu zote za mtu aliyelelewa vizuri. Huyo ndiye Bwana Hari, joto lenyewe kwa jina lake la heshima. Zamda alitaka kumkasirikia lakini yule bwana hakuwa na dalili yoyote ya ubaya. "Wiki hizi nimeitembelea nchi nzima," alisema huku akijipangusa, "na safari hii nimekuja na nguvu kuliko miaka ya nyuma, sikatai. Huku shambani nimeshinda tangu asubuhi. Lakini huku hawaniweki. Miti inanitemea maji usoni, mchanga wenyewe haushiki kitu, na jua likizama tu kila mmoja ananionesha mlango. Kwa hiyo kulala nalala mjini. Mjini wananitandikia." Akaaga akatangulia. Zamda alicheka, maana alidhani ni mzaha.

Langoni mwa mji alikuwa amesimama Bwana Fahari, viatu vinang'aa, naye kila aliyekuja mikono mitupu alimwuliza maswali kumi, lakini alipoliona tofali begani kwa Zamda alifungua lango mbawa zote mbili. "Karibu, bibi wa pevingi. Hapa jina lako linajulikana." Zamda alisikia raha, kusema kweli, ni nani asiyependa kujulikana? Mji ule ulikuwa ukikua mbele ya macho yao. Ukuta ulikuwa ukiumuka juu ya ukuta kama maandazi kwenye sinia, mabati yakishuka na kujipigilia yenyewe, na katikati ya yote alikuwa akikimbia Bi Haraka, ambaye hakumaliza sentensi yoyote, akionesha kidole hapa na pale: "Hapo pamebaki, jenga. Na hapo je? Ziba, ziba, tutafikiria..." Na kila palipozibwa, Bi Kiasi aliinama pale langoni akapima. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Akaandika bila kukunja uso wala kutikisa kichwa, na huo utulivu wake ndio ulioanza kumtisha Zamda.

Nje ya lango, kwenye vumbi, alikuwa amekaa mama mmoja mpana, mweusi tititi, juu ya mabegi yake, kama mpangaji aliyetolewa vyombo nje. Alikuwa Bi Kivuli. Zamda akamwuliza kilichomsibu. "Nilifukuzwa," alijibu, bila uchungu mwingi. "Walisema nachafua. Ni kweli nilikuwa nachafua, siwezi kuwasingizia; majani hayakosi. Kila nyumba niliyokaa walifagia wakanung'unika, wakafagia wakanung'unika, mwisho wakaleta shoka. Nyumba ya mwisho walinitoa mwezi wa sita. Kulikuwa na bibi mmoja pale alikuwa rafiki yangu. Yeye alisimama dirishani akaangalia, hakusema kitu." Zamda akageuza uso. Alijisemea kwamba mwezi wa sita watu wengi hukata miti.

Wakaingia ndani. Kwenye ukuta mrefu walimkuta kijana mwenye begi la tarishi akipapasa matofali kama kipofu. Ni Upepo. Kila alasiri, alieleza, alikuwa akipewa barua baharini azipeleke majumbani, na zamani alikatiza kati ya nyumba na nyumba akizisambaza huku anakimbia, lakini siku hizi kila uchochoro umetiwa chumba cha mpangaji, na kila chumba kimegusa ukuta wa jirani, hivyo inambidi azunguke mji mzima. "Nikifika," alisema, akifungua begi kuonesha, "zimeshakauka." Zilikuwa karatasi za kahawia zisizosomeka. Zamda alimwonea huruma, akataka kumsaidia kutafuta upenyo, lakini walitembea ule ukuta mpaka mwisho wasipate hata pa kupitisha mkono. Waliachana hapo, na Upepo akaketi chini kupumzika.

Mtaa uliofuata ulikuwa wa nyumba zilizofungwa madirisha yote, na katika nyumba ya kwanza, nyuma ya kioo, alikuwa amekaa Bwana Choyo, amejifunika shuka. Kiyoyozi chake kilikuwa kikinguruma ukutani. "Kwangu ishirini na mbili," alisema kupitia kioo, akiwa amependezwa sana na nafsi yake. Bi Kiasi hakumbishia. Alizunguka nyuma, mahali ambapo ile mashine ilikuwa ikitapika hewa yake ya moto moja kwa moja kwenye dirisha la jirani, akapima, akarudi. "Na kwa jirani yako thelathini na tisa." Bwana Choyo akasema jirani naye anunue yake. Na kweli jirani alikuwa amenunua, na ya kwake ilimpulizia wa tatu, na wa tatu wa nne, mtaa mzima ukisukumiana moto ule kama watu wanaosukumiana lawama, mpaka nyumba ya mwisho, ambayo haikuwa na mashine wala wa kumsukumia. Zamda aliuliza nyumba ile ya mwisho ni ya nani. Bi Kiasi aliandika tarakimu kwanza, kisha akasema watafika.

Jua likaanza kushuka. Ndipo akaja Bi Jioni, mwanamke wa kazi, kajifunga kibwebwe, kabeba tenga kubwa kichwani, kazi yake ikiwa kukusanya kila siku joto ambalo jua limeliacha. Shambani alikuwa ameshamaliza. Tenga lilijaa upesi akalimwaga akarudi. Mjini alipiga magoti akaliambia tofali la kwanza lirudishe. "Bado," tofali lilisema. "Njoo baada ya isha." La pili likasema aje usiku wa manane, na ukuta ukasema aje alfajiri, na lami haikujibu kabisa. Bi Jioni alijipangusa uso. "Alfajiri nikirudi," alimwambia Zamda, "nakuta nimepata nusu, na jua lile pale, linakuja na joto lingine. Kesho wanaanza na kiporo. Mimi ni mmoja, bibi, na mji kila mwaka unaongezeka." Tofali begani kwa Zamda lilikuwa limeanza kumchoma, naye alipotaka kulitua aliona kwamba kila mahali pa kulitua palikuwa pamefunikwa tayari.

Hapo akamwona tena Bwana Hari, akitembea katikati ya mtaa kwa hatua za mtu anayejua anakokwenda, hakuuliza njia wala hakusoma namba za milango. Wakamfuata. Alipita nyumba ya nane, ya tisa, akafika ile ya mwisho, na Zamda akaona geti la kijani lenye kutu pembeni, lile alilolichagua yeye mwenyewe. Bwana Hari aliingia bila kubisha. Uani, juu ya matofali mekundu yaliyotoka ukuta hadi ukuta, alijinyoosha chali, akajifungua vifungo vya shati, akashusha pumzi ya mtu aliyefika kwake. Na pale ukutani alikuwa amesimama Bi Mwantumu, kajibana, kakumbatia mkeka wake uliokunjwa, amesimama kama mtu aliyekuja ugenini akakuta viti vimekwisha.

"Mama, mbona umesimama?"

"Nimempisha mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Wako, mwanangu. Si umemtandikia mwenyewe."

Zamda akamwendea Bwana Hari akamwambia aondoke, tena upesi, hapo si kwake. Yule bwana aliketi, akafunga kifungo kimoja kwa heshima. "Bibi, mimi sijawahi kuvunja mlango wa mtu. Hata hapa nilikuwa nakuja tangu zamani, usifikiri ni leo. Nafika saa saba. Saa kumi mama yako anachukua kopo, ananyunyizia mchanga maji, ananyunyiza kwa mkono, polepole, mpaka ua wote unanukia udongo. Kisha anatandika mkeka wake chini ya mkorosho, majirani wawili watatu wanakuja, wanachambua mchicha wao na kusema watu. Nani angekaa hapo? Nilikuwa naaga kabla ya magharibi. Mwaka huu nimekuja nikakuta kitanda. Hata hayo maji siku hizi hayamwagwi, kwa sababu anaogopa kukuchafulia pevingi." Alisema hayo bila kejeli yoyote, kisha akalala tena.

Bi Kiasi alikuwa amepiga magoti. Aliweka kipimo juu ya tofali, akasoma arubaini na sita. Akasimama, akakipangusa kwa kanga yake, akakiweka kwapani mwa Bi Mwantumu, wakasubiri wote watatu. Kisha akamwonesha Zamda, asimsomee. Ilikuwa thelathini na tisa. Zamda alimwuliza sasa afanye nini, akamwuliza kama mtoto anavyomwuliza mkubwa, na Bi Kiasi akafunga daftari lake kwa mara ya kwanza tangu waonane. "Mimi sikusema mji usikue. Watu wanazaliwa, watu wanahama, wote wanataka pa kulala. Mji utakua tu, na huyu bwana ataendelea kuja, pengine kwa nguvu zaidi. Ninachosema ni kwamba anayejenga ajiulize: jioni joto hili litatokea wapi? Upepo aachiwe pa kupita. Kivuli aachiwe pa kukaa. Udongo kidogo uachwe wazi unywe maji. Hapo mgeni atakuja, atasumbua, na ataondoka. Ukiziba vyote, amekuwa mwenyeji, na ni lazima mtu mwingine ampishe." Akamtazama yule mama aliyesimama ukutani. "Na anayempisha huwa ni yule asiyependa kusema. Sasa huyu wako, tarakimu yake haina tena pa kupanda." Zamda akapiga magoti, akaingiza kucha kati ya matofali mawili ili alitoe hata moja. Yalikuwa yamebanwa vizuri sana. Alikuwa amewafundisha vibarua wake mwenyewe kuyabana hivyo. Yakamchoma vidole, akavuta, yakamchoma zaidi, na kwa maumivu hayo akazinduka.

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Umeme ulikuwa haujarudi. Zamda alikaa kwenye kochi, nguo zimemganda mwilini, na kwa muda hakujua kama anaogopa ndoto au anaogopa nyumba yake. Kisha maana ikamfikia, yote kwa pamoja: kwamba mama yake hakuwa na kinyongo na mtu, kwamba tangu kaskazi ianze hakumwona hata mara moja akikaa uani, kwamba zile feni mbili, hata umeme ukiwepo, zilikuwa zinamrushia hewa ya moto chini ya bati. Na kwamba nyumba ilikuwa kimya mno. Aliinuka akakimbilia chumba cha nyuma.

Kitandani hapakuwa na mtu. Bi Mwantumu alikuwa chooni, amelala sakafuni, shavu juu ya vigae, kanga imemtoka begani. Zamda alidhani amechelewa. Alipiga kelele akamshika, na ngozi ya mama yake ilikuwa kavu, ya moto, lakini macho yalifunguka. "Hapa pana nafuu," Bi Mwantumu alisema, kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi. Zamda alimmwagia maji kwa kopo, akalowesha kanga mbili akamfunika, akamburuta mpaka kwenye ukumbi, milango yote miwili wazi, akampepea kwa kipande cha boksi, akamnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, huku mkono wa pili umeshika simu anamwita muuguzi. Muuguzi alikuja na bodaboda, akatundika dripu kwenye msumari wa kalenda. Saa moja jioni ngozi ilianza kutoa jasho. Muuguzi akasema hiyo ndiyo dalili aliyokuwa akiisubiri.

Walipobaki wawili, Zamda alikaa chini karibu na kichwa cha mama yake.

"Mama, ni ua, sivyo?"

"Hapakaliki, mwanangu. Hata usiku hapakaliki."

"Miezi yote hii. Kwa nini hukuniambia?"

"Siku uliponionesha ulikuwa unacheka kama ulivyokuwa mdogo. Ningesemaje?"

Zamda aliweka uso kwenye mkono wa mama yake akalia, safari hii bila hasira ndani yake. Akamwambia asiondoke, kesho yake vibarua watakuja na mitaimbo, watang'oa ua wote, atapanda mti mwingine pale pale. Bi Mwantumu alimpapasa kichwa.

"Ng'oa, ni vizuri," alisema. "Lakini Jumamosi nakwenda. Huo mti mpaka unitoshe mimi ni miaka sita, saba. Mimi sina."

Alisema kweli, na wote wawili walijua, kwa hiyo hawakulijadili zaidi. Jumamosi Zamda alimbebea begi mpaka Korogwe, akakaa naye siku mbili kwa mjomba wake, akaona jinsi mama yake anavyolala vizuri huko. Jumatatu jioni alirejea kwenye ua wa mchanga mtupu, na Jumanne asubuhi akafungua kiwanda kama kawaida. Mteja wa kwanza alikuwa mtu mmoja mchangamfu aliyejenga juzi juzi, ambaye alitaka ua wake ufunikwe wote, ukuta kwa ukuta, na ule mti uliomo uondolewe, maana kazi aliyoiona kwa jirani ilikuwa imemvutia sana. Zamda alichukua kalamu na daftari la oda. Akauliza jina, akauliza mtaa. Kisha akaiweka kalamu chini.

"Kwako," alimwuliza, "jioni nani hukaa uani?"